Uzi: Tumehama Windows 10 kwenda Linux, na mchezo wetu wa mezani haujasimama

Nahodha wa Meza (mleta uzi)

Wakuu, habari za wakati huu.

Uzi huu ni wa watu wa aina mbili: wanaocheza michezo ya kuigiza wahusika mezani, na wenye kompyuta za mtumba ambazo Windows 11 imezikataa. Mimi nimo kote kuwili, na kundi ninalolisimulia hadithi karibu lote liko hivyo hivyo.

Hali mnaijua. Microsoft ilifunga msaada wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 nayo inadai chipu ya usalama ya TPM 2.0 na, ukiacha vighairi vichache, prosesa ya Intel kuanzia kizazi cha nane. Sasa pita Kariakoo uangalie kilichopangwa mezani: laptopu za ThinkPad na Latitude zilizostaafu maofisini Ulaya, kizazi cha nne, cha tano, cha sita. Mashine ngumu, kibodi tamu, RAM GB 8, hazina ugonjwa wowote. Kuna viraka vya nyongeza kwa watumiaji wa nyumbani hadi Oktoba 2026, ila hiyo ni kusogeza tarehe tu.

Kwa ambao hawajawahi kuuona mchezo wenyewe: mnakaa watu watatu hadi sita. Mmoja ni msimulizi. Yeye ndiye anayeshika dunia, anaeleza mlipo, na anavaa sura ya kila mtu ambaye si nyinyi, kuanzia mlinzi wa geti hadi jini la kisimani. Waliobaki kila mmoja ana mhusika wake kwenye karatasi: ana nguvu kiasi gani, anajua nini, amebeba nini. Unasema mhusika wako anafanya nini. Kama matokeo hayana shaka, yanatokea. Yakiwa na shaka, unarusha dadu.

Kundi letu linacheza hadithi ya jahazi la wafanyabiashara lililotia nanga Kilwa enzi za masultani. Kikao cha karibuni mtoza ushuru aligoma kuachia shehena ya vitambaa. Mwenzetu mmoja, mtu mkimya, ambaye kwenye kikao cha ukoo hutamsikia akikohoa, akasimama kwa sauti ya nahodha wake na kuanza kumsifia mzee yule nasaba yake hadi babu wa saba. Maneno mazuri mno. Nikamwambia rusha dadu la pande 20, ongeza 3 za ufasaha wako, ukifika 15 amelainika. Likaja 4. Ikabidi nitafute papo hapo kwa nini sifa nzuri vile zimegonga mwamba, nikasema: nasaba uliyoisifu ni ya mahasimu wake. Meza nzima ikalipuka. Kuanzia hapo hadithi ikageuka kuwa ya kuitafuta nasaba ya kweli ya mtoza ushuru, jambo ambalo sikuwa nimeliandalia hata mstari mmoja.

Hicho ndicho ninachokipenda. Hadithi haikutoka kwangu, haikutoka kwao, wala kwenye dadu. Imetokea katikati yetu sote, na hakuna aliyejua inakwenda wapi. Mchezo wa kompyuta, hata uliotengenezwa kwa ustadi mkubwa, una kuta ambazo mtengenezaji alizijenga kabla hujafika.

Sasa Linux, mfumo wa bure wa kuendesha kompyuta badala ya Windows, inaingiaje? Inaingia kwa mlango wa leseni, na hapa naomba mnivumilie kidogo.

Mchezo wa kwanza wa aina hii kuuzwa madukani, Dungeons & Dragons, ulitoka Marekani mwaka 1974, kazi ya Gary Gygax na Dave Arneson: vijitabu vitatu ndani ya boksi, nakala 1,000 za mwanzo. Kampuni iliyouchapisha, TSR, ilinunuliwa na kampuni nyingine ya michezo, Wizards of the Coast, mwaka 1997. Mwaka 2000, lilipotoka toleo la tatu, Ryan Dancey wa Wizards alisukuma wazo ambalo hakuficha amelitoa wapi: kwenye programu huria, zile ambazo msimbo wake uko wazi kwa kila mtu, kwenye leseni ya GPL, hiyo hiyo ambayo Linux iko chini yake tangu 1992. Alitaka kanuni za msingi za mchezo ziwe kitu ambacho yeyote anaweza kukichapisha, kukibadili na kujenga biashara juu yake. Ikazaliwa leseni ya OGL, na kwa zaidi ya miaka 20 watu wakaijengea vitabu vyao.

Januari 2023 ikavuja rasimu ya leseni mpya. Ilitaka kuibatilisha ile ya zamani na kuwadai mrabaha wachapishaji wenye mauzo makubwa. Wachezaji waliwaka moto, wakawa wanafuta usajili wao wa kulipia, na tarehe 27 mwezi huo huo Wizards wakarudi nyuma: wakauweka waraka wa kanuni za msingi, SRD 5.1, chini ya Creative Commons, leseni ambayo ikishatolewa hairudishwi. Paizo, kampuni yenye mchezo wa Pathfinder, walishaanza kuandaa leseni yao iitwayo ORC. Basic Fantasy, mchezo wa bure wa Chris Gonnerman, ukatoa toleo la nne lililosafishwa kila kilichotegemea leseni ya zamani.

Nililifuatilia sakata lile usiku na mchana, na swali lililonibakia halikuwa la dadu. Nilijiuliza: ni nini kingine ninachokitegemea ambacho mwenyewe anaweza kuja kukichukua? Oktoba 2025 jibu nikalikuta juu ya dawati langu.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu, na ndio sababu ya uzi: kabla hujauliza "Linux ipi", hakikisha hadithi yenu iko kwenye faili zinazofunguka na programu zaidi ya moja. Sisi kumbukumbu za vikao ziko kwenye maandishi matupu. Karatasi za wahusika ziko kwenye ODT, aina huru ya faili la maandishi, na nakala PDF ya kuchapisha. Ramani ni picha za PNG. Hakuna kitu kilichofungiwa ndani ya programu moja inayojua yenyewe jinsi ya kukisoma. Siku ya kuhama, hadithi ya Kilwa ilipita kwenye flashi ndogo na nafasi ikabaki.

Tumeweka Linux Mint, mojawapo ya Linux nyingi zilizopo. Ipo tangu 2006, toleo la 22 limejengwa juu ya Linux nyingine, Ubuntu 24.04, na litapata viraka hadi 2029. Menyu iko chini kushoto pale pale ulipoizoea. Mint ina sura zaidi ya moja za kuchagua: mashine yenye RAM GB 4 iwekee ile nyepesi ya Xfce, yenye GB 8 iwekee Cinnamon.

Karibuni kwa maswali, hasa magumu.

---

Mama Ramani

Mkuu, asante kwa uzi uliokwenda shule. Swali langu: mimi ndiye msimulizi wa kundi letu hapa Arusha, na ramani zangu zote nachora kwa Campaign Cartographer. Hiyo ni ya Windows tu. Nikihama nazitupa?

---

Nahodha wa Meza

Dada, usitupe kitu. Kwanza, leo hii ukiwa bado ndani ya Windows, zitoe ramani zote kama PNG kwa ukubwa wa juu kabisa ambao programu inaruhusu. Hilo fanya hata kama hutahama kamwe.

Pili, kuna Wine, mradi ulioanza 1993 wa kuziwezesha programu za Windows kukimbia ndani ya Linux. Baadhi ya watu wanaendesha programu yako humo, lakini sitakuahidi kwamba kila kitufe kitaitika. Ijaribu kwenye mashine nyingine kabla ya kufuta ya kwako.

Tatu, kama uko tayari kubadili mkono: Wonderdraft ina toleo la Linux la moja kwa moja, unalipia mara moja, na kwa ramani za pwani na visiwa ni nzuri sana. Kwa ramani ya ndani ya nyumba au handaki, Dungeon Scrawl inakimbia kwenye kivinjari, huhitaji kusakinisha. Na kwa mwenye subira, Krita na Inkscape ni za bure na zinachora chochote. Ramani yetu ya bandari ya Kilwa nimeichora kwa Inkscape; maumbo unayapanua hadi ukubwa wa bango na hayapotezi makali.

Lakini nikuambie kitu kutoka moyoni. Ramani iliyopendwa kuliko zote mezani kwetu ilichorwa kwa penseli nyuma ya kalenda ya mwaka uliopita. Wachezaji waliongeza visima na vichochoro vyao wenyewe kadiri hadithi ilivyokwenda.

---

Fundi Msimbazi

Naheshimu mada, ila niseme ya upande wa pili. Mimi kazi yangu ni kupiga Windows. Wateja niliowawekea Linux wengi wanarudi ndani ya wiki: printa haitoi, mwanafunzi faili lake la Word limevurugika mpangilio, mwingine anataka Photoshop. Mnawaambia watu "hamieni", halafu anayeletewa lawama ni fundi. Kwa nini usiseme ukweli kwamba haimfai kila mtu?

---

Nahodha wa Meza

Fundi, umesema kweli na naipokea bila kusukumana.

Mtu anayekula kwa Photoshop, AutoCAD au programu ya uhasibu ya Windows, asihame kwa sababu ya uzi wangu. Photoshop na AutoCAD hazina toleo la Linux. Huyo atafute mashine ya kizazi cha nane, bei zinashuka kila mwaka. Excel yenye makro nzito nayo ni hivyo hivyo: LibreOffice, programu ya bure ya ofisi, inafungua jedwali, makro mara nyingi zinakwama.

Kwenye Word, nusu ya mvurugiko ni fonti. Faili limeandikwa kwa Times New Roman na Calibri, mashine mpya haina hizo, herufi zinabadilika upana na kurasa zinasogea. Kwenye Mint kuna kifurushi kinachoitwa ttf-mscorefonts-installer, kinaleta Times New Roman na Arial. Calibri haimo, lakini fonti iitwayo Carlito ina upana ule ule wa kila herufi, kwa hiyo mistari inakatika pale pale. Weka hivyo viwili kabla hujamkabidhi mteja na lawama zitapungua sana.

Printa inategemea kampuni. Za HP nyingi zinaingia zenyewe kwa sababu HP wana programu yao huria, HPLIP. Za aina nyingine angalia kwanza ndipo uahidi. Ushauri wangu kwako kama fundi: usimfutie mtu Windows siku ya kwanza. Muwashie Linux kutoka kwenye flashi, mwambie alete printa yake na faili lake gumu kuliko yote, ajaribu mbele yako. Akikwama, anaondoka na Windows yake, na wewe jina lako limebaki safi.

Mchezaji wa mezani anayo nafuu kwenye hili. Anachohitaji ni kusoma PDF, kuandika, kuona ramani na kuongea na wenzake. Hiyo kazi Linux inaifanya bila jasho.

---

Shangazi wa Muscat

Assalaam alaykum wanangu. Mimi nipo Oman, nacheza na wapwa zangu, mmoja Mombasa na wawili Unguja. Tunatumia Foundry, programu ya kuchezea mchezo huu kwa mtandao, mpwa wa Mombasa ndiye anayeihifadhi kwenye kompyuta yake. Alikuwa Windows, sasa anataka kuhamia hiyo Mint. Je, dunia yetu itapotea? Tumeijenga kwa muda mrefu na nina mhusika ninayempenda, mganga wa kike, sitaki kumzika kwa ajili ya mambo ya kompyuta.

---

Nahodha wa Meza

Wa alaykum salaam shangazi, mganga hazikwi.

Foundry ni ya kulipia mara moja, anayelipa ni yule anayeihifadhi peke yake, na nyinyi wengine mnaingia kwa kivinjari. Ndani yake ni Node.js, teknolojia isiyofungwa na Windows, kwa hiyo ina toleo la Linux rasmi na leseni yenu ni ile ile. Dunia yenu yote imekaa kwenye folda moja inayoitwa Data. Mpwa afunge programu kwanza kabisa, ainakili folda hiyo kwenye diski ya nje, asakinishe Foundry ya Linux ya toleo lile lile walilokuwa nalo, kisha airudishe folda mahali pake. Asipandishe toleo siku hiyo hiyo ya kuhama. Mambo mawili yakibadilika kwa pamoja, likitokea tatizo hutajua limetoka wapi.

Jambo moja linalowatesa wengi Afrika Mashariki si la Linux wala Windows: akiwa anatumia intaneti ya simu, kampuni za simu huwa zinawaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja, na nyinyi mlio nje hamwezi kubisha hodi kwenye kompyuta yake. Kama mlikuwa mnaingia bila shida basi ana laini inayoruhusu, au ameshatumia njia ya kupitia seva ya kati. Amwulize yeyote aliyemsaidia mwanzo, mipangilio hiyo ataihitaji tena.

Na kama bando linabana, Owlbear Rodeo inafanya kazi ya ramani na alama za wahusika ndani ya kivinjari bila mtu kuhifadhi chochote nyumbani. Sauti ipitisheni kwenye simu ya kundi la WhatsApp, kompyuta ibaki na ramani tu.

---

Kijana wa Nyali

Kaka, uzi moto. Lakini sisi kundi letu ni la shule, hakuna mtu ana kitabu. Vitabu vya D&D ni ghali sana huku. Na wengine Kiingereza cha vile vitabu kinawachosha. Tuanzie wapi? Na je, tunaruhusiwa kuandika kanuni zetu kwa Kiswahili?

---

Nahodha wa Meza

Mdogo wangu, swali lako limenifurahisha kuliko yote kwenye uzi huu.

Mnaruhusiwa. SRD 5.1 iko chini ya Creative Commons aina ya BY 4.0, na Aprili 2025 ikafuata SRD 5.2 kwa leseni hiyo hiyo. Mnaweza kuitafsiri, kuikata, kuibadili, kuichapisha na hata kuiuza, mradi muweke maneno ya kumtaja mwenye kazi kama waraka wenyewe unavyoelekeza, na mseme mmebadilisha. Msiombe ruhusa kwa mtu. Ila waraka ule una kanuni za msingi tu. Baadhi ya viumbe na majina ambayo kampuni imejiwekea hayamo, hayo msiyaguse.

Lakini msianze na huo, ni mrefu. Anzeni na Basic Fantasy. PDF ni bure, kanuni ni nyepesi, na Gonnerman anatoa faili zenyewe za ODT, unazifungua kwa LibreOffice na kuanza kuandika Kiswahili juu yake. Toleo la nne lina leseni ya Creative Commons yenye sharti la ziada: mkisambaza mlichobadilisha, nacho kiwe huru vivyo hivyo. Kama mpo wachache, au kuna siku mmebaki wawili, tafuteni Ironsworn ya Shawn Tomkin. PDF yake ya mwaka 2018 ni bure na inachezeka hata mtu akiwa peke yake, bila msimulizi.

Dadu za pande nyingi zikikosekana, kateni karatasi 20, ziandikeni namba, zitieni kwenye kofia. Mkichomoa moja, irudisheni kabla ya kuchomoa nyingine, la sivyo mnabadilisha bahati.

Na kwa kazi ya Kiswahili mna wa kuwafuata. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu nzima ya ofisi ikiwa na menyu za Kiswahili. LibreOffice mtakayotumia ilichipuka kutoka OpenOffice hiyo mwaka 2010. Kazi ile iliwezekana kwa sababu msimbo ulikuwa wazi na hakuna aliyehitaji kubembeleza kampuni. Kanuni za mchezo nazo sasa ziko wazi, zimekaa zinasubiri watu kama nyinyi. Mkimaliza hata sura ya kuunda mhusika, iwekeni humu, mimi nitaisoma mstari kwa mstari na kuichezesha mezani kwangu.

---

Kijana wa Nyali

Tutaileta, neno la kiungwana. Sasa mashine ya shule ni moja na mwalimu hatakubali ifutwe. Tunaweza kujaribu Mint bila kugusa Windows?

---

Nahodha wa Meza

Mnaweza. Mnahitaji flashi ya GB 4 au zaidi isiyo na kitu mnachokijali, kwa sababu itafutwa yote. Pakueni faili la Mint, ni kama GB 3, tumieni intaneti ya shule mkiruhusiwa. Liandikeni kwenye flashi kwa programu ya balenaEtcher au Rufus. Kulinakili tu kama picha au muziki hakutoshi. Zimeni mashine, iwasheni huku mkibonyeza kitufe cha kuchagua pa kuanzia, kwenye Dell ni F12, kwenye HP ni F9, ThinkPad nazo F12. Chagueni flashi.

Mint itafunguka yote, intaneti, LibreOffice, kila kitu, ikikimbia kutoka kwenye flashi na RAM. Diski ya Windows haiguswi mpaka mbonyeze ikoni ya kusakinisha, basi msiibonyeze. Mkizima, mlichokiandika kinapotea, kwa hiyo kazi ya tafsiri ihifadhini kwenye flashi ya pili.

Hakikisheni mwalimu yupo mara ya kwanza na anaona mnachofanya. Na kama Windows ya shule imefungwa kwa BitLocker, kufuli la Windows la kulinda diski, mwombeni awe na ufunguo wa kuifungulia karibu, kwani kuna mashine ambazo mkichezea mipangilio ya kuwasha zitauomba ufunguo huo zikirudi Windows.

WiFi ikikataa, unganisheni simu kwa waya wa USB na kuwasha intaneti ya kushirikisha, kisha fungueni Driver Manager ndani ya Mint, itawaambia kama kuna draiva ya kuongeza. Mkikwama, andikeni hapa aina ya mashine na maneno kamili yaliyotokea kwenye skrini. Leo jioni nipo.